Machikichi Matatu na Kisu cha Jikoni

Mama Riziki, jirani yangu hapa Tabata, akipokea mzigo kutoka Kigoma mtaa mzima hujua. Dagaa wana harufu yao, migebuka mikavu ina yake, na dumu la mawese halifichiki hata ulifunge kwa mifuko mitatu. Mara hii mzigo ulikuja na kitu ambacho ni nadra kukiona Dar es Salaam: machikichi mabivu kutoka shambani kwa mama yake, ya kila mti yamefungwa kwenye kifuko chake. Aliniita akiwa barazani. "Mwalimu, hebu njoo uone mambo yako ya baiolojia."

Nilichukua matatu, moja kutoka kila kifuko, nikayaweka kwenye ubao wake wa kukatia vitunguu. La kwanza kisu kilipita kwenye nyama kikakwama. Ilibidi nigonge mgongo wa kisu kwa mchi wa kinu ndipo likapasuka, na ndani kulikuwa na gamba jeusi nene kama sarafu mbili zilizobebana, na kiini cheupe katikati. La pili vilevile. La tatu kisu kilishuka bila kubishana sana. Nyama yake ya rangi ya chungwa ilikuwa nyingi, gamba jembamba, na kulizunguka gamba kulikuwa na duara la vidoa vyeusi kama vilivyochorwa kwa ncha ya penseli. Vidoa hivyo ni nyuzi zilizokatwa.

Mama Riziki aliliinua lile la tatu akaligeuzageuza. "Hili la mti wa kijitoni. Huo mama hakuupanda, uliota wenyewe."

Nimeamua kuandika kuhusu yale matunda matatu kwa sababu tumezoea kulizungumzia zao hili kana kwamba lina sura mbili tu: "mbegu bora" upande mmoja, "mbegu ya kienyeji" upande wa pili, na ile ya kienyeji huwa tunaitaja kama kitu cha kung'olewa. Naamini hapo tunakosea, na kosa lenyewe ni la aina ambayo haionekani mpaka miaka 30 ipite. Ili kulieleza inabidi tuanze na lile gamba.

Mchikichi una jozi 16 za kromosomu, vile vifurushi vya ndani ya seli vinavyobeba jeni, yaani maagizo ya urithi. Kwa hiyo kila jeni ipo kwa nakala mbili, moja imetoka upande wa mama na moja upande wa baba. Iko jeni moja inayoamua unene wa gamba. Mti wenye nakala mbili za gamba nene huitwa dura, na gamba lake hufika hata milimita 8. Mti wenye nakala mbili za kukosa gamba huitwa pisifera. Huo kokwa lake halina gamba kabisa, lakini kwa kawaida mikungu yake huoza kabla ya kukomaa, kwa hiyo mkulima hapati kitu. Mti uliopata nakala moja ya hiki na moja ya kile ni tenera: gamba jembamba, nyama nyingi, na lile duara la nyuzi. Tenera hutoa mafuta takriban asilimia 30 zaidi ya dura. Wataalamu wa Kibelgiji Beirnaert na Vanderweyen walilifumbua fumbo hili katika kituo cha Yangambi, Kongo, na kulieleza mwaka 1941. Jeni yenyewe ilikuja kutambuliwa mwaka 2013.

Kwa hiyo mti wa kijitoni ni tenera iliyojizalia porini, bila kitalu wala mtaalamu. Hapa wakulima wengi hujikwaa. Mtu akiona mti wake wa tenera unazaa vizuri, huokota kokwa zake na kuotesha akidhani atapata vilevile. Tenera ikichavushwa na tenera, watoto hugawanyika: robo dura, nusu tenera, robo pisifera. Robo hiyo ya mwisho itakula mbolea na ardhi miaka yote bila kutoa mkungu wa maana. Ndiyo sababu mbegu ya tenera ya kuuzwa hutengenezwa upya kila mara, kwa kuichukua chavua ya pisifera na kuipaka kwenye ua la dura. Mama dura, baba pisifera, na watoto wote wanatoka tenera.

Gamba ni jeni moja tu, na ni rahisi kwa sababu unaiona kwa kisu. Mchikichi una maelfu ya jeni nyingine ambazo hazionekani: za kuvumilia ukame, za kasi ya shina kurefuka, za kupambana na kuvu, za kufanya mafuta yagande upesi au yabaki laini. Kila moja ya jeni hizo inaweza kuwa na matoleo kadhaa, na matoleo hayo yametawanyika kutoka mti hadi mti. Tukisema uanuwai wa vinasaba tunamaanisha jambo hilo: katika kundi la michikichi kuna matoleo mangapi ya kila jeni, na yamesambaa vipi. Kundi linaweza kuwa na miti milioni na bado likawa maskini wa matoleo. Linaweza kuwa na miti 200 kando ya mto likawa tajiri.

Ukitaka kuliona hili, nenda Kariakoo kwenye gunia la maharage mchanganyiko, yale ambayo muuzaji amekusanya mabaki ya aina zote. Mengi ni ya njano au mekundu, lakini humo ndani kuna meusi machache, na moja moja lenye madoa. Chota kiganja kimoja, kapande, vuna, panda tena. Baada ya misimu mitano utakuwa na magunia kumi, lakini kama kiganja chako hakikuchota jeusi, katika magunia yote kumi hutalipata jeusi hata moja.

Kiganja hicho kilichotwa kweli mwaka 1848. Miche minne ya mchikichi ilipandwa katika bustani ya mimea ya Buitenzorg, leo Bogor, kisiwani Java. Miwili ilitoka Amsterdam na miwili ilipitia visiwa vya Bahari ya Hindi, upande wa Mauritius na Réunion. Minne tu. Ukipita katika Bustani ya Mimea ya hapa Dar es Salaam, karibu na Makumbusho ya Taifa, unapita kwenye ndugu wa bustani ile. Ya kwetu ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kwa kazi hiyohiyo ya kujaribu mimea ya nchi nyingine ili kuona ipi ina faida. Kokwa za wale wanne wa Bogor zilipelekwa Sumatra, katika eneo la Deli, zikapandwa kando ya barabara za mashamba ya tumbaku kama pambo. Mwaka 1911 mashamba ya biashara yakaanza Sumatra, mwaka 1917 yakaanza Malaya, ambayo leo ni sehemu ya Malaysia, na mbegu ilitoka kwa uzao huohuo. Mpaka leo unaitwa Deli. Katika mashamba makubwa ya Indonesia na Malaysia, mama wa tenera kwa sehemu kubwa ni Deli.

Upande wa baba hali ni ya kubana zaidi. Moja ya nasaba za pisifera zinazotumika sana duniani, inayoitwa AVROS, inarudi kwenye mti uliosifiwa sana katika bustani ya Eala, Kongo, ukiitwa Djongo. Mbegu zake zilipelekwa Sumatra miaka ya 1920, na uzao uliofuata ukapita kwenye mti mmoja uliopewa namba SP540. Mti mmoja! Zipo nasaba nyingine za baba, kama za La Mé kutoka Ivory Coast, za Yangambi na za Ekona kutoka Kameruni, na zimesaidia sana, lakini nazo zilianza na miti michache.

Hesabu yake mwanafunzi wa kidato cha nne anaiweza. Chukua toleo la jeni ambalo porini lipo mara 5 katika kila nakala 100. Si adimu sana. Miti minne ina nakala nane. Uwezekano kwamba hakuna hata moja kati ya hizo nane iliyo ya toleo hilo ni 0.95 ikizidishwa kwa yenyewe mara nane, yaani takriban asilimia 66. Kwa maneno mengine, matoleo ya aina hiyo, mawili katika kila matatu yaliachwa Afrika siku ile miche ilipopakiwa melini. Ungechukua miti 50 badala ya minne, nakala zingekuwa 100, na uwezekano wa kulikosa toleo hilo ungeshuka chini ya asilimia moja. Namba hii 50 tutairudia baadaye.

Uzao huo finyu umelisha dunia. Mawese ni takriban theluthi moja ya mafuta yote yanayotokana na mimea duniani, na sehemu kubwa mno inatoka Indonesia na Malaysia. Sisi Tanzania tunaagiza nje mafuta mengi ya kula, na mengi ni ya mchikichi wa huko, yaliyosafishwa mpaka yakapoteza wekundu wake. Yanashushwa bandarini hapa, yanaishia kwenye duka la Mangi pale kona, yanapimwa kwa kikombe cha plastiki. Mwezi wa Julai baridi ikishuka yanaanza kuweka ukungu mweupe chini ya dumu. Nikiyaona huwa nawaza safari yake: mti uliotoka Afrika na kwenda Java, umerudi Dar es Salaam ukiwa mafuta ya kupima.

Sasa porini kuna nini? Kwanza neno lenyewe "porini" kwa mchikichi lina utata. Asili yake ni ukanda wa Afrika Magharibi na Kati, kuanzia Senegali hadi Angola na kuingia Kongo, lakini hauupendi msitu uliofunga. Unataka mwanga. Huota kando ya mito, pembezoni mwa msitu, na zaidi pale ambapo watu wamefyeka, wakalima, wakaondoka. Mtu akila chikichi na kutupa kokwa jalalani, amepanda bila kukusudia. Ndege na wanyama nao hubeba. Sokwe wa Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, hula sana machikichi, na wale wa Bossou nchini Guinea huweka kokwa juu ya jiwe na kulipasua kwa jiwe jingine wapate kiini. Kwa hiyo vichaka vya michikichi ni mahali ambapo mwitu na mji vimekutana kwa maelfu ya miaka, na ni vigumu kusema mti huu ni wa binadamu na ule ni wa Mungu peke yake. Richard Burton alipofika Ujiji mwaka 1858 alikuta mawese ni bidhaa ya kawaida ziwani.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote, ni namna tofauti zilivyogawanyika. Watafiti wamepima vinasaba vya michikichi ya asili kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa njia mbalimbali tangu ya protini hadi ya kusoma vipande vya DNA. Tofauti za kimaeneo zipo. Michikichi ya magharibi kabisa, Senegali hadi Ivory Coast, ni kundi lake, na ile ya kuanzia Benin hadi Angola na Kongo ni kundi jingine. Katikati yao, upande wa Ghana, Togo na Benin, misitu mikubwa inakatika na nyika inashuka mpaka baharini, na pengo hilo limewatenga ndugu hawa kwa muda mrefu. Nigeria imeonekana mara kwa mara kuwa na utajiri mkubwa wa matoleo. Madagaska, mbali pembezoni, ina kidogo. Deli, kama tunavyotarajia, nayo ni finyu.

Lakini ukizijumlisha tofauti zote na kuuliza ziko wapi, jibu ni kwamba sehemu kubwa iko ndani ya kichaka kimoja, kati ya mti na jirani yake. Sababu iko kwenye maua. Mchikichi mmoja hutoa maua dume kwa kipindi, kisha maua jike kwa kipindi kingine, na ni mara chache zamu hizo kugongana. Kwa hiyo ua jike hulazimika kupata chavua ya mti mwingine. Anayeileta ni mdudu, fukusi mdogo anayezaliwa na kuishi kwenye maua dume, akivutwa na harufu hadi kwenye maua jike. Kila kokwa ni mchanganyiko mpya. (Fukusi huyu naye aliachwa Afrika mwaka 1848. Kwa miaka mingi vibarua wa Malaysia walichavusha kwa mikono, mpaka mwaka 1981 alipoletwa kutoka Kameruni na kuachiwa mashambani.)

Maana yake kwa anayetaka kuhifadhi ni kubwa. Kama tofauti zingekuwa kati ya eneo na eneo, ungeweza kuchukua mti mmoja mzuri Nigeria, mmoja Kongo, mmoja Kigoma, ukalala usingizi. Kwa kuwa zimo ndani ya kichaka, mti mmoja mzuri haukiwakilishi kichaka chake. Yale matunda matatu ya Mama Riziki yalitoka shamba moja, hatua chache kutoka mti hadi mti, na kisu kilikutana na vitu viwili tofauti katika jeni moja tu. Hebu fikiria jeni zote zilizobaki.

Na waliokwenda kuangalia hawakurudi mikono mitupu. Mwaka 1973 wataalamu wa Malaysia walishirikiana na wenzao wa Nigeria kukusanya mbegu katika maeneo 45 ya nchi hiyo. Miti iliyotokana nazo ilipandwa Kluang, jimbo la Johor. Wakaendelea na nchi nyingine, na mwaka 1986 wakafika Tanzania. Katika zile za Nigeria walipata michikichi mifupi inayozaa sana. Ufupi ni jambo kubwa kuliko linavyosikika: shina likishapita urefu wa mundu wa kuvunia, mti unakatwa hata kama bado unazaa. Walipata pia yenye mafuta laini zaidi, yasiyoganda upesi kama lile dumu la Julai, na mingine yenye viini vikubwa.

Kwa upande wetu kuna jambo ambalo Watanzania wengi hawalijui, nami nalitaja kwa fahari. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na vichaka vya Kigoma vinapanda juu yake. Ni mahali pa juu na pa baridi kwa mti wa nchi za joto tambarare, na ni ukingo wa mashariki wa eneo la mchikichi. Miti iliyodumu hapo kizazi baada ya kizazi imechujwa na baridi ya hapo. Wazalishaji wa mbegu wa Costa Rica walichukua dura za Kigoma, pamoja na michikichi ya milima ya Bamenda huko Kameruni, wakazitumia kutengeneza mbegu za kupandwa nyanda za juu. Sifa hiyo haikuundwa na mtu. Ilikuwa imekaa kwenye miti ya kienyeji, ile tunayoiita duni.

Faida ya kuchanganya nasaba za mbali ilijulikana mapema. Deli huzaa mikungu michache mikubwa, na michikichi ya La Mé huzaa mingi midogo. Ukiwaoanisha, watoto wanakuwa na mingi yenye ukubwa wa kutosha, na mavuno yanapita ya wazazi wote. Mpango mzima wa Wafaransa wa kuboresha michikichi tangu miaka ya 1950 ulijengwa juu ya jambo hilo.

Magonjwa ndiyo yanayonitia hofu. Kuvu aitwaye Ganoderma huozesha kitako cha shina katika mashamba ya Asia ya Kusini-Mashariki, na nasaba za Deli zimeonekana kushambuliwa zaidi kuliko nyingi za Afrika. Afrika nako kuna mnyauko wa fusari, unaozuiwa kwa kupanda nasaba zinazouvumilia, ambazo zilipatikana kwa sababu miti ilikuwa inatofautiana. Huko Kolombia, katika eneo la Tumaco, ugonjwa wa kuoza kwa kilele uliteketeza makumi ya maelfu ya hekta miaka ya 2000. Wakulima walionusurika waligeukia mahuluti, yaani miti chotara, ya mchikichi wetu na binamu yake wa Amerika, Elaeis oleifera, mti mfupi wa mabondeni wenye mafuta machache, ambao kwa hesabu ya kilo kwa hekta hakuna ambaye angeutazama mara mbili. Mahuluti hayo yanahitaji kusaidiwa kuchavusha, na kazi hiyo ni ya gharama, lakini yamesimama pale ambapo mengine yalianguka.

Sisi wa pwani hatuhitaji kwenda Kolombia kuelewa hili. Ugonjwa wa kunyong'onyea umeangusha minazi mashina kwa mashina katika ukanda wetu, na mpango wa taifa wa minazi ulipojaribu aina za kigeni zilizosifiwa kwa mavuno, nyingi ziliteketea. Yaliyovumilia zaidi ni baadhi ya makundi ya mnazi wetu mrefu wa Afrika Mashariki. Kazi hiyo ilifanyika kutoka hapa hapa Mikocheni.

Tangu mwaka 2018 Serikali imeuweka mchikichi katika mazao ya kimkakati, na Kigoma imepokea miche mingi ya tenera. Naunga mkono kwa moyo wote. Nchi inayonunua nje mafuta yake ya kukaangia inahitaji tenera, na mkulima anayepanda dura peke yake anajinyima. Ninachokiogopa ni hatua inayofuata kimyakimya: mkulima anapopata miche, anakata miti ya zamani ili kupata nafasi. Hakuna anayeona hasara, kwa sababu mavuno yanapanda. Lakini mti wa zamani ukikatwa bila mbegu yake kuchukuliwa, kiganja kinafungwa tena kama mwaka 1848, na safari hii kwetu wenyewe.

Mtu atauliza, si mbegu zihifadhiwe kwenye majokofu kama mahindi? Haiwezekani kirahisi. Kokwa la mchikichi halivumilii kukaushwa na kugandishwa kama punje ya mahindi, na likiwekwa tu hupoteza uhai wake kwa muda mfupi. Zipo njia za maabara za kugandisha kiinitete, lakini kwa kawaida mchikichi huhifadhiwa ukiwa hai, umesimama ardhini, unapaliliwa. Watu husikia hivyo wakadhani ni mzigo usiobebeka. Hebu tupige hesabu. Shambani hupandwa miti takriban 143 kwa hekta. Tukikusanya mbegu kutoka miti 50 ya kijiji kimoja, kokwa moja kwa kila mti, tunahitaji theluthi moja ya hekta, chini ya ekari moja. Vijiji 20 ni hekta saba. Na kila kokwa limebeba pia chavua ya baba asiyejulikana, kwa hiyo tunapata zaidi ya tulichookota. Hekta saba Kigoma ni shamba la mtu mmoja mwenye uwezo. TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, ina kituo cha Kihinga kinachoshughulikia mchikichi, na Mikocheni kuna maabara ya vinasaba. Halmashauri zina maafisa ugani wanaopita vijijini na miche kila msimu. Afisa yuleyule anayeshusha miche angeweza kuondoka na kifuko cha kokwa chenye jina la kijiji na maelezo ya mti.

Zaidi ya hapo, ile miti ya kijitoni ingeachwa. Haichukui nafasi ya shamba, inashika kingo za maji, na fukusi wake wanahudumia shamba zima.

Nilimwambia Mama Riziki haya yote nikiwa bado nimeshika kisu, mikono imekuwa ya njano. Alisikiliza, kisha akasema kaka yake amepata miche 60 na anaanza kusafisha eneo baada ya masika. "Na dura nazo mama anazipenda," akaongeza. "Anasema mise yake, vile viini vya ndani ya kokwa, inajaza debe. Hizi za kisasa unabangua siku nzima unapata kidogo." Kilo za mawese kwa hekta hazionyeshi debe la mise ambalo mwanamke analibangua na kuliuza kwa mkono wake.

Jioni ile alimpigia mama yake simu. Sikusikia upande wa pili, nilisikia tu wa huku: "Wa kijitoni usikatwe. Ndiyo mama. Mwambie huo wa kijitoni na ule wa nyuma ya choo." Baadaye tukachambua kokwa zilizobaki, tukaondoa nyama, tukaziosha, tukazifukia kwenye ndoo tatu za mchanga wenye unyevu, kila mti na ndoo yake. Kokwa la mchikichi hulala usingizi mzito. Vitaluni huzipasha joto la karibu nyuzi 40 kwa siku 40 hadi 80 ndipo ziamke. Sisi hatuna chumba cha joto, tuna paa la mabati la banda lake la kuku, na jua la Tabata. Tumeziweka chini yake. Ni wiki ya saba sasa, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Mama Riziki hufunua mchanga kwa kidole.

Jana katika ndoo ya kijitoni kokwa moja limetoa ncha nyeupe, ndogo kama jino la mtoto.